Ng'ambo ya Yatta

Watu wa Kitui Kusini humjua ndovu kwa masikio kabla ya macho. Humsikia usiku akivunja matawi nyuma ya boma, humsikia akihangaika na tangi la plastiki mpaka likapasuka, na kukipambazuka hukuta ndengu zimelala chini na nyayo zenye upana wa sinia zikielekea kusini, mbugani. Mjomba wangu amelima upande wa Kanziko, chini ya Mutomo, tangu ujana wake. Amepiga madebe usiku, amewasha mioto, amekesha juu ya jukwaa la miti na tochi mkononi. Lakini kumtazama ndovu mchana kweupe, mnyama ametulia na yeye ametulia, hakuwahi.

Nilipopata likizo mwezi wa Septemba, wakati mashamba yetu ni vumbi tupu na kila mtu anangojea mvua za Novemba, nikamwomba tufuatane hadi kambi moja ya wageni kando ya mto, ndani ya Tsavo Mashariki. Kambi hiyo ina bei ya Wakenya, ambayo ni nafuu kuliko ya wageni wa nje, na nilikuwa nimejiwekea akiba. Mjomba hakukubali mara moja. Alitaka kujua kwanza ni nani atakayelala shambani na mbuzi. Jirani yake, mama mmoja mjane ambaye shamba lake limepakana na lake, akajitolea. Ndipo Mjomba akatoa shati lake la kanisani akaliweka kwenye mfuko.

Tuliondoka Mutomo alfajiri kwa gari la kukodi lenye magurudumu makubwa, dereva akiwa kijana wa Kibwezi. Tangu barabara ya Kibwezi hadi Kitui iwekwe lami, safari hii imekuwa nyepesi kiasi kwamba watoto wa leo hawataamini habari za malori yaliyokuwa yakinasa mchangani siku nzima. Tulipita Ikutha, ambako wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga kituo mwishoni mwa karne ya 19, tukapanda mgongo wa Yatta, tukateremka upande wa pili mpaka kwenye daraja la mto Athi.

Hapo Mjomba aliomba tusimame. Chini ya daraja maji yalikuwa membamba, rangi ya chai ya maziwa, yakijipinda kati ya mawe na mchanga. Wanawake walikuwa wakijaza mitungi ya njano ya lita ishirini, mmoja akiteka na mwenzake akikodolea macho sehemu yenye kina, kwa sababu mamba wa Athi wameshaua watu na kila kijiji cha ukingoni kina jina la kutaja. Punda walisimama wakipepesa masikio. Maji hayo yametoka mbali. Athi hupokea mito ya Nairobi pamoja na kila kitu ambacho jiji hilo limetupa ndani yake, ukapita Fourteen Falls, ukazunguka Ol Doinyo Sabuk, ukashuka kati ya Machakos, Makueni na Kitui. Juu kidogo, pale unapokutana na mto Thwake, serikali imekuwa ikijenga tangu mwaka 2018 bwawa la ukuta wa zaidi ya mita 80, linalokusudiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 688. Wenyeji wamelisubiri kwa hamu na kwa hofu pia, maana wanajiuliza ni maji ya namna gani yatakayowekwa akiba humo. Mimi nadhani hofu hiyo ni ya haki kabisa. Huwezi kusafisha maji ya Mutomo bila kusafisha Nairobi.

Kibwezi tulikunywa chai. Ukitoka hapo kuelekea Nairobi utafika Kiboko, kwenye chemchemi na mto mdogo wenye migunga ya manjano, mahali ambapo John Alexander Hunter, mwindaji mzaliwa wa Scotland, alifungua hoteli iliyobeba jina lake. Kabla ya hoteli alikuwa mtumishi wa Idara ya Wanyamapori ya kikoloni. Kati ya mwaka 1944 na 1946 alipewa kazi ya kuondoa vifaru katika nchi ya Makueni ili Wakamba waliobanwa kwenye milima ya Machakos wapate pa kulima, naye akaua takriban vifaru elfu moja. Babu yetu aliwahi kutusimulia jinsi nyama ilivyokosa mlaji. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila nikisikia mtu akilaumu mkulima wa Ukambani kwa kukaa "njia ya wanyama." Wengi waliwekwa hapo, na serikali iliyowaweka ndiyo iliyowaua wanyama kwanza, kisha mwindaji wake akaja kufungua hoteli ya kuwaonyesha wageni wanyama waliosalia.

Sehemu ya barabara kuu kutoka Mtito Andei hadi Manyani haina mengi ya kusimulia: mibuyu, malori, reli mbili zikifuatana, daraja la Tsavo ambapo simba wawili walisimamisha ujenzi wa reli mwaka 1898. Tulilipa kiingilio kwa simu kupitia eCitizen, askari wa lango la Manyani akatazama vitambulisho vyetu. Alipoona Mjomba ni wa Kitui Kusini akamsalimu kwa Kikamba na kumwuliza kama mvua imekaribia huko. Mzee akafurahi. Nadhani alikuwa amejiandaa kuulizwa amekuja kufanya nini.

Ndani ya mbuga barabara inaufuata mto. Athi na Tsavo hukutana huko, na kuanzia hapo maji yale yale huitwa Galana, na yakishatoka mbugani kuelekea baharini huitwa Sabaki. Ng'ambo ya mto, urefu wote ambao jicho linafika, umesimama ukuta wa Yatta: mgongo wa mawe meusi, bapa juu kama uliokatwa kwa kamba. Ni lava iliyomiminika mamilioni ya miaka iliyopita na kuganda, urefu wake ukikaribia kilomita 300, miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Mjomba aliutazama kwa muda mrefu. Maisha yake yote Yatta imekuwa magharibi, mahali jua linapotua. Sasa alikuwa ameketi upande wa pili, na nyumba yake iko nyuma ya ukuta.

"Kwa hiyo ndovu wakitoka kwetu wanakuja kunywa hapa," alisema.

"Wengine hapa, wengine mto Tiva," dereva akamjibu. "Mvua ikinyesha wanarudi tena kwenu, Mzee."

Kambi yenyewe ilikuwa mahema makubwa chini ya mikoma na migunga, kila moja likiwa na paa la makuti juu yake, sakafu ya saruji, kitanda chenye chandarua, na bafu la nyuma ambalo maji yake hupashwa moto na jua. Upande wa mbele hakuna ukuta. Ukifungua zipu ya hema unauona mto hapo chini ya ukingo. Shuka zilinukia jua. Sikuwa nimemwona Mjomba akilala mchana hata siku moja, lakini alasiri ile alivua viatu, akajinyoosha, akalala fofofo huku viboko wakikoroma majini.

Alipoamka alizunguka kambi nzima akitafuta ua. Kwetu hata kuku wana ua wa miiba. Alikwenda nyuma ya jikoni, akaenda mpaka kwenye mapipa ya mafuta, akarudi. Askari wa usiku, kijana wa kutoka Ikutha, akamweleza utaratibu: jua likishazama hakuna mgeni anayetoka hemani peke yake, ukitaka kwenda kula unamulika tochi, yeye anakuja kukuchukua, chakula hakilali hemani kwa sababu ya tumbili na nyani, na ndovu akipita karibu, unabaki ulipo na unanyamaza. Hakubeba bunduki. Mjomba akamwuliza je, ikiwa hasikii? Kijana akamwambia, "Mzee, mimi nimelelewa shambani kama wewe. Hao nawasikia hata nikiwa nimelala." Kuanzia hapo wakawa marafiki, na mazungumzo yao ya Kikamba kando ya moto yalikuwa marefu kuliko ya mgeni mwingine yeyote.

Mpishi naye, aliposikia Mjomba ametoka wapi, akauliza kwa upole kama angependa muthokoi badala ya vyakula vya kwenye orodha. Akaletewa sahani ya muthokoi na mbaazi, mahindi yakiwa yamekobolewa vizuri, laini bila kupondeka, na vitunguu vilivyokaangwa juu yake. Wageni wa meza ya jirani, mume na mke kutoka Ujerumani, wakaomba waonjeshwe. Naomba wenye kambi wote wasikie hili. Chakula cha watu wanaoishi nyuma ya ukuta ule wa Yatta kina haki ya kuwa mezani bila kuombwa.

Lakini kilichonifanya niandike ni asubuhi iliyofuata.

Kundi la ndovu lilishuka kutoka vichakani upande wetu, miili yao myekundu kwa udongo wa Tsavo, wakapita mchangani mbele ya mahema. Jike mkubwa alitangulia. Maji ya mto yalikuwa yakipita hatua chache mbele yake, tena mengi, lakini hakuyataka. Alisimama kwenye mchanga mkavu, akaunusa, akasogea kidogo, akaunusa tena. Kisha akaanza kuchimba kwa ncha ya mguu wa mbele, akipiga teke dogo dogo na kusukuma mchanga nyuma. Shimo lilipofika kina cha mkono akaingiza mkonga, akatoa mchanga uliolowana, akautupa kando kwa mtikiso mmoja. Akarudia. Halafu akangoja. Hilo ndilo lililotushangaza: mnyama mkubwa kiasi kile, mwenye kiu, akingoja bila haraka maji yajikusanye chini ya shimo. Yalipojaa kidogo akavuta kiasi na kukimwaga, akangoja tena, na maji ya pili ndiyo aliyokunywa. Ndama wake alijaribu kuingiza mkonga akasukumwa pembeni kwa goti, taratibu, mpaka zamu yake ilipofika.

Mjomba alikuwa ameshika kikombe cha chai na hakukinywa. "Anachuja," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Mama yako alichimba hivi hivi. Maji ya kwanza unamwaga."

Kila mtoto wa Mutomo analijua hilo. Mito yetu ni ya mchanga. Inajaa kwa saa chache mvua ikinyesha, kisha inakauka juu na maji yanabaki chini. Unachimba, unangoja, unateka kwa kata, unamimina. Hekima hiyo ndiyo iliyozaa mabwawa ya mchanga ambayo Kitui imejulikana kwayo duniani: unajenga ukuta wa saruji na mawe juu ya mwamba mtoni, mafuriko yanaleta mchanga na kuujaza nyuma ya ukuta, na mchanga huo unahifadhi maji pasipo jua kuyakausha wala ng'ombe kuyachafua. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL la Kitui limejenga mamia ya mabwawa hayo pamoja na wanavijiji. Nilikuwa nimeandika habari zao mara nyingi. Sikujua kwamba nitaona kazi ile ile ikifanywa kwa mkonga, tena na mnyama aliyelelewa na mto huu wenye taka za Nairobi, ambaye amejifunza kutouamini.

Siku hiyo tulikwenda pia kwenye maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la Mwingereza Frederick Lugard aliyepita hapo karibu mwaka 1890 akielekea Uganda. Maji yote ya Galana yanajibana ndani ya mwamba wenye mistari ya waridi na kijivu, umechongwa mashimo ya duara, na chini yake mamba wanaota jua. Ni mahali pazuri mno. Hata hivyo njia hii ilikuwa na wenyewe kabla ya Lugard. Wafanyabiashara wa Kikamba walisafirisha pembe za ndovu kutoka Kitui hadi pwani kwa miongo mingi, na ni mmoja wao, Kivoi wa Mwendwa, aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf huko Kitui mwaka 1849, safari ambamo Krapf aliuona Mlima Kenya. Kwa hiyo sisi Wakamba hatuwezi kusema hatuna historia na ndovu. Tuliwawinda, tena kwa mishale yenye sumu ambayo wazee wetu na jirani zetu Wawaata waliijua kuliko mtu yeyote.

Mbuga ilipoanzishwa mwaka 1948, uwindaji huo ukapigwa marufuku ndani yake, na katika miaka ya 1950 msimamizi wake, David Sheldrick, aliongoza kampeni kali iliyowapeleka wengi jela. Baba yake rafiki mmoja wa Mjomba alikuwa miongoni mwao. Alitoka akiwa ameshiba chuki, na chuki hiyo aliirithisha. Ukame wa mwaka 1970 na 1971 ukaua ndovu wapatao 6,000 katika Tsavo, kisha wakaja majangili wenye bunduki za kivita, na kufikia mwaka 1988 waliosalia katika eneo lote la Tsavo walikuwa chini ya 7,000. Sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu 14,964. Mwaka uliofuata ukame ulikuwa mkali, na kati ya Februari na Oktoba 2022 Kenya ilipoteza ndovu 205 kwa njaa na kiu. Takwimu hizi alizitoa mwongoza wageni wa kambi tukiwa tumesimama kando ya fuvu la ndovu lililokauka, na Mjomba, aliyewahi kuomba kwa Mungu wanyama hawa wafe wote, alivua kofia. Simwekei maneno mdomoni. Alivua kofia, akaivaa tena, tukaendelea.

Jioni yule Mjerumani alimwuliza mwongozaji kwa nini mto ni wa kahawia ilhali hakuna mvua. Mjomba akaomba nimtafsirie jibu lake. Alisema rangi ile ni mashamba yetu. Alieleza matuta yaliyobomoka Machakos na Makueni, magari yanayozoa mchanga mitoni usiku, miti iliyokatwa kwa makaa. Nami nikaongeza kile ninachokijua: udongo huo hufika hadi Malindi, bahari ikageuka rangi karibu na mlango wa Sabaki, na wanasayansi waliochunguza tumbawe moja la huko lenye umri wa takriban miaka 300 walikuta ndani yake kumbukumbu ya mmomonyoko ulioanza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, kipindi ambacho serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwasonga wakulima kwenye miteremko. Yule mama wa Kijerumani akaandika katika daftari lake. Meneja wa kambi, mama kutoka Taveta, akavuta kiti akaketi nasi.

Huyo meneja nilimpenda kwa sababu hakukwepa. Mjomba alimweleza kuhusu fomu ya fidia aliyoijaza baada ya msimu mmoja wa ndengu kuisha usiku mmoja, na jinsi ambavyo ofisi husika imekuwa ikimwambia arudi wiki ijayo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua uharibifu wa mazao, na inaweka shilingi milioni tano kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama. Ni sheria nzuri. Mkulima wa Kanziko ameisikia redioni, pesa hajaziona. Meneja alisema hana uwezo juu ya fidia, lakini vitanda anavyo. Mwezi wa Mei wageni huwa wachache, na yuko tayari kupokea wakulima wa mpakani kwa bei ya chakula tu, wachache kwa wachache, wakae wasikilize na wao wasikilizwe. "Wafanyakazi wangu wengi ni watoto wenu," alisema. "Wazazi wao hawajawahi kuona wanapofanya kazi."

Mjomba alimjibu kwamba ndovu sasa amemwona, na amemheshimu, lakini shamba lake bado limeliwa. Meneja akasema ndiyo, ni kweli. Hakuna aliyejaribu kulainisha neno hilo, na nadhani ndiyo sababu Mjomba alichukua karatasi yenye nambari yake ya simu.

Jumamosi iliyofuata kikundi cha wakulima wa ndengu kilikutana chini ya mti wao wa kawaida, si mbali na soko. Nilikuwepo, kwa kuwa nilikuwa sijarudi kazini. Mjomba alisimulia kuhusu kitanda na muthokoi kwa ufupi tu, akatumia muda wake wote juu ya lile shimo la mchangani. Aliinama akachora ardhini kwa kijiti, akaonyesha jinsi mguu unavyopiga, jinsi maji ya kwanza yanavyomwagwa. Wanawake waliitikia kwa vichwa. Vijana wawili walicheka kwa kutoamini. Kisha akaeleza ile ahadi ya mwezi wa Mei.

Yule mama mjane, aliyemlindia mbuzi, akasimama. Aliuliza swali moja: wakienda watu kulala huko mtoni, shambani atalala nani? Mwezi wa Mei kuna mazao ya mvua ndefu, hata kama ni machache, na ndovu hawana likizo. Pakazuka ubishi. Mzee mmoja akasema asiende mtu. Kijana mmoja akasema waende wanawake kwanza, kwa sababu ndio wanaokutana na wanyama njia ya maji. Katibu akafungua daftari lake la michango, akageuza ukurasa mpya, akapiga mstari katikati, na wakaanza kuandika upande mmoja majina ya wanaokwenda, na upande wa pili ya wanaobaki kulinda.